Gmail wanazuia barua zangu: je, sheria inawaruhusu?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Naendesha kampuni ndogo ya kutembeza watalii hapa Arusha. Nina orodha ya anwani za barua pepe kama 9,000. Baadhi ni za wageni tuliowahudumia, nyingine nilizinunua kwa jamaa aliyeniambia ni za Wamarekani wanaopenda safari za mbugani. Kila msimu ukikaribia nawatumia wote ofa zetu kwa usiku mmoja. Tangu Februari 2024 barua nyingi za wenye Gmail na Yahoo zinarudi, na zinazopita zinaangukia kwenye folda ya taka. Kampuni yangu imesajiliwa, nalipa kodi, siuzi kitu haramu. Posta wakizuia barua ya mtu ni kosa. Hawa wamepata wapi haki ya kuzuia zangu? Naweza kuwashtaki?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile unalolingoja. Ndiyo, haki hiyo wanayo, na ukienda mahakamani kwa maelezo haya uliyonipa utashindwa. Sibahatishi. Hoja yako hii hii imeshapelekwa mbele ya majaji wa Marekani, ambako kampuni hizo zina makao yake, tangu mwaka 1996. Walioipeleka walikuwa na mawakili na fedha, na karibu wote walitoka mikono mitupu. Hata hivyo haki hiyo ina mipaka, na nitakuonyesha ilipo, kwa sababu mimi si mtetezi wa kampuni kubwa na lipo jambo moja katika mwenendo wao ambalo naliona baya kabisa.

Tuanze na mfano wako wa posta, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Posta imewekwa na sheria, ina wajibu wa kupeleka, na stempu umeinunua wewe. Mtumaji ndiye anayebeba gharama. Barua pepe imekaa kinyume chake. Wewe kutuma barua 9,000 au 90,000 ni karibu gharama ile ile, lakini kila moja inapofika upande wa pili inahitaji kompyuta ya kuipokea, mahali pa kuihifadhi, programu ya kuikagua isije na kirusi, na mwisho wa yote dakika za binadamu wa kuifuta. Vyote hivyo vinalipiwa na mpokeaji na kampuni inayomhudumia. Hakuna stempu uliyowanunulia Gmail. Hakuna mkataba baina yako na wao wa kukupelekea kitu.

Tena jinsi barua pepe inavyosafiri ni mazungumzo ya mlangoni hasa. Seva ya kampuni yako, yaani kompyuta inayotuma na kupokea barua, inaifikia seva ya Gmail, inajitambulisha, inasema barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Seva ya Gmail inajibu kwa tarakimu: 250 maana yake imepokelewa, 550 maana yake imekataliwa. Sisi tumelelewa na desturi ya hodi. Unabisha mara tatu, usipokaribishwa unarudi ulikotoka, na huwezi kwenda kwa balozi wa mtaa kumshtaki mwenye nyumba kwamba hakukufungulia. Wahandisi walioandika kanuni za mfumo huu walifikiri hivyo hivyo. Kanuni ya sasa, iitwayo RFC 5321, iliyotolewa Oktoba 2008, inatamka wazi kwamba seva inaweza kukataa barua kwa sababu yoyote ya kiufundi au ya kiuendeshaji ambayo mwenye seva anaiona ina maana kwake. Hiyo si sheria ya nchi, lakini unaposimama mbele ya jaji na kudai kwamba seva ilikuwa na wajibu wa kukupokea, kitabu cha kwanza atakachofunguliwa ni hicho.

Sasa tuingie mahakamani. Mtu aliyewafanya majaji wa Marekani walitazame jambo hili kwa mara ya kwanza alikuwa Sanford Wallace, mwenye kampuni ya Cyber Promotions ya Philadelphia. Kazi yake ilikuwa kutuma matangazo kwa mamilioni ya watu ambao hawakumwomba. AOL, wakati huo kampuni kubwa kuliko zote za kuwaunganisha Wamarekani na intaneti, ikaanza kumpiga vita. Ilifika mahali pa kukusanya barua zake zilizokosa wapokeaji na kuzirudisha kwa fungu kubwa kwenye kampuni zilizokuwa zikimpa yeye huduma, nazo zikamkatia. Wallace akawa wa kwanza kushtaki. Alisema anayo haki ya kikatiba ya uhuru wa kusema, kwamba AOL imekuwa kama barabara ya umma, na barabara ya umma haifungwi na mtu binafsi.

Novemba 1996 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania ikamjibu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaifunga serikali isimzibe mtu mdomo. Hayaifungi kampuni binafsi. AOL haikuwa serikali, haikuwa ikifanya kazi ya serikali, na seva zake zilinunuliwa kwa fedha yake. Kwa hiyo Wallace hakuwa na haki ya kikatiba ya kuzitumia kuwafikia wateja wa AOL. Basi ile hoja yako kwamba “biashara yangu ni halali” ilizikwa siku ile. Uhalali wa ujumbe wako hauwezi kugeuza mali ya mtu mwingine kuwa mali yako.

Miezi mitatu baadaye, Februari 1997, Wallace alikuwa tena mbele ya jaji, safari hii Ohio, na safari hii ameshtakiwa yeye. CompuServe ya Columbus, kampuni nyingine ya huduma za intaneti, ilikuwa imemwambia aache. Hakuacha. Ilipoweka vichujio vya kuzizuia barua zake, akaanza kughushi taarifa za kichwa cha barua ili ionekane zimetoka kwingine. Wanasheria wa CompuServe wakafukua kosa la kale sana katika sheria ya Kiingereza, la kuingilia mali inayohamishika ya mwenzio bila ridhaa yake, yaani lile linalomhusu mtu anayemchukua punda wako akambebesha mizigo yake. Jaji James Graham alikubali kwamba seva inaweza kuwa huyo punda. Haikuharibika, haikuibwa, lakini nguvu zake na nafasi yake ya kuhifadhi ilimezwa na mizigo ambayo mwenyewe hakuikubali. Na wakati ule wateja walilipia muda wa kuwa mtandaoni, hivyo kila dakika ya kusoma na kufuta tangazo la Wallace ilitoka mfukoni mwao. Walikuwa wakilalamika, wengine wakihama.

Wallace alijitetea kwa hoja nzuri, na lazima niitaje kwa sababu hata wewe ungeitumia: CompuServe ilijiunga yenyewe na intaneti, kwa hiyo imewakaribisha wote. Jaji akasema hapana. Duka liko wazi kwa umma, lakini mwenye duka akikuambia toka, karibu ile imekwisha. Akatoa amri ya zuio. Mpaka leo, nikiulizwa ni kesi gani iliyoweka msingi, natoa hii.

Hapo kabla ya hukumu zote hizo, mapema mwaka 1996, Bunge la Marekani lilikuwa limeshapitisha Kifungu cha 230, ambacho watu wanakifahamu zaidi kwa kuzilinda kampuni dhidi ya yale yanayoandikwa na watumiaji wake. Wengi hawajui kina nusu ya pili. Nusu hiyo inasema mtoa huduma hawajibiki kwa hatua aliyoichukua kwa hiari na kwa nia njema ya kuzuia vitu anavyoviona ni vichafu, vya ukatili, vya usumbufu au visivyofaa kwa namna nyingine, hata kama vitu hivyo vinalindwa na Katiba. Soma tena maneno “anavyoviona”. Kipimo kimewekwa mkononi mwa mtoa huduma, si mwa jaji, wala si mwa mtumaji. Kinachobaki kwa mdai ni kuthibitisha kwamba nia haikuwa njema, na hilo ni jiwe zito sana kuliinua.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2003 dhidi ya barua taka, ijulikanayo kwa jina la CAN-SPAM, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2004. Hii imewapotosha wafanyabiashara wengi, na nadhani itakupotosha na wewe mtu akikuonyesha. Sheria hiyo hairuhusu kichwa cha barua cha uongo, inataka anwani ya mahali kampuni ilipo, na inataka mtu akiomba kuondolewa kwenye orodha aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Haimtaki mtumaji apate ridhaa kwanza. Basi watumaji wakaanza kusema: nimetimiza yote, kwa hiyo barua yangu ni halali, kwa hiyo mnalazimika kuifikisha. Bunge lilikuwa limeshaiona hoja hiyo ikija. Ndani ya sheria ile ile likaweka ibara inayosema kwamba hakuna chochote humo kinachogusa sera ya mtoa huduma ya kukataa kusafirisha, kupitisha au kuhifadhi aina fulani za barua. Kutimiza sheria kunakuepusha na faini. Hakukupi ufunguo wa nyumba ya mtu.

Kampuni ya e360 Insight ya Illinois iliyajaribu maneno hayo mahakamani. Iliishtaki Comcast, kampuni ya huduma za intaneti, kwa kuzuia barua zake, ikisema inafuata CAN-SPAM nukta kwa nukta. Mwaka 2008 Jaji James Zagel huko Chicago akaitupa kesi: kufuata sheria ile hakumzuii Comcast kuziona barua hizo kuwa zisizofaa kwa nia njema, na kinga ya Kifungu cha 230 inatosha.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na kesi nyingine ambayo nakuomba uifikirie kwa makini kabla ya kumlipa wakili yeyote ada ya kufungua shauri. Iliishtaki Spamhaus, taasisi iliyokuwa na makao Uingereza wakati huo, inayotunza orodha ya seva na anwani zinazojulikana kwa kutuma barua taka, orodha ambayo watoa huduma wengi duniani huitazama kabla ya kupokea barua. Spamhaus ilijitoa kwenye shauri ikisema mahakama ya Marekani haina mamlaka juu yake, na mwaka 2006 e360 ikapata hukumu ya upande mmoja ya dola milioni 11.7. Fikiria furaha ya ofisi ile siku hiyo. Mahakama ya Rufaa ikakataa kiasi hicho na kuagiza hasara ithibitishwe. e360 ikashindwa kuleta vielelezo kwa wakati, na hesabu zake zikawa zinabadilika kila zinapohojiwa. Jaji wa chini akaishusha fidia hadi dola 27,002. Ikakata rufaa tena, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikaipa dola 3. Dola tatu, baada ya miaka mitano.

Zipo nyingine. Holomaxx iliwashtaki Microsoft na Yahoo huko California, kesi zikafutwa mwaka 2011 kwa kinga ile ile. Sitakuchosha nazo.

Nikurudishe kidogo kwenye posta, kwa sababu hata huko hoja yako si imara kama unavyodhani. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilimpa mwenye nyumba haki ya kuiambia posta: matangazo ya kampuni fulani nayaona ni ya uasherati, sitaki yaniletewe tena. Uamuzi kama yana uasherati au hayana ulikuwa wake peke yake. Watumaji wakaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani wakilalamika kwamba wamezibwa mdomo. Mwaka 1970, katika kesi ya Rowan, wakashindwa. Haki ya mtu kupeleka ujumbe, ilisema mahakama, inakoma kwenye sanduku la barua la asiyetaka kuupokea. Hiyo ni posta, chombo cha serikali, chenye stempu iliyolipiwa. Kila hoja ya kuzuia barua pepe inasimama juu ya wazo hili: ninapokuwa nyumbani kwangu, uhuru wako wa kusema haunilazimishi mimi kusikiliza. Nalipenda wazo hili, nakiri wazi. Nimewaona wazee wetu wakipoteza akiba kwa sababu ya barua moja ya utapeli iliyoponyoka kichujio, na kila nikisikia mtu anadai vichujio viondolewe, wao ndio ninaowafikiria.

Sasa mipaka niliyokuahidi. Wa kwanza uliwekwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 2003, katika kesi ya Intel na Hamidi. Hamidi alikuwa ameachishwa kazi Intel, naye kwa karibu miaka miwili akawatumia wafanyakazi wa kampuni hiyo barua sita za kuilaumu, kila mara kwa maelfu yao, hadi 35,000. Intel ikataka ile sheria ya punda. Majaji wanne kwa watatu wakakataa. Seva haikuzidiwa, haikupungukiwa na kitu. Kilichoiudhi Intel ni maneno, na kuudhika kwa maneno si kuumizwa kwa mali. Lakini elewa kilichokatazwa hapo. Intel haikukatazwa kumzuia Hamidi kwa vichujio vyake. Ilinyimwa msaada wa mahakama wa kumnyamazisha. Kufunga mlango wako na kumwita polisi amkamate anayebisha hodi ni mambo mawili.

Mpaka wa pili ni pale mwenye seva anapokuwa serikali. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin ni cha umma. Kampuni moja ya kutafutia watu wachumba, White Buffalo Ventures, iliomba anwani za wanafunzi kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa za umma, ikapewa kihalali, ikaanza kuwatumia matangazo, na chuo kikaizuia. Hapa Katiba iliingia kazini kweli kweli, kwa sababu chuo cha umma ni mkono wa serikali, na mahakama haikuweza kusema tu “ni mali yake”. Ilipima. Hoja ya chuo kwamba seva zinalemewa haikuwaridhisha majaji. Hoja iliyopita ni ya kuwalinda wenye masanduku dhidi ya usumbufu, na kwa hiyo mwaka 2005 chuo kikashinda. Kimeshinda, lakini kwa kujieleza. Wizara au halmashauri inayozuia barua za wananchi inapaswa kujieleza namna hiyo, na hapo nitakuwa upande wa mwananchi siku yoyote.

Mpaka wa tatu ni hila ya kibiashara. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo California iko chini yake, ilitoa uamuzi kuhusu Malwarebytes, programu ya ulinzi wa kompyuta iliyoiwekea programu ya mshindani wake alama ya hatari. Haikuhusu barua pepe, ila kifungu ni kile kile cha 230. Majaji walisema kinga haimfuniki mtu anayezuia kitu kwa lengo la kumkomoa mshindani. Kwa hiyo kama Gmail ingekuwa inauza safari za Serengeti na kuzizima barua za kampuni za Arusha, ungekuwa na la kusema. Haiuzi.

Lipo shauri la karibuni ambalo watu hunitumia kana kwamba limegeuza mambo. Oktoba 2022 Kamati ya Taifa ya Chama cha Republican iliishtaki Google, ikidai Gmail inazitupa barua zake za kuchangisha fedha kwenye folda ya taka, hasa mwisho wa mwezi wakati michango inapokuwa mingi. Mkononi ilikuwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kuhusu uchaguzi wa 2020: Gmail iliweka kwenye taka asilimia 67.6 ya barua za wagombea wa mrengo wa kulia, na asilimia 8.2 tu za mrengo wa kushoto. Tofauti hiyo inashtua, nami ilinishtua. Lakini utafiti huo huo ulikuta Yahoo na Outlook zinaelemea upande wa pili, na waandishi wake wenyewe walisema hawana sababu ya kuamini kwamba ilifanywa kwa makusudi. Kichujio kinajifunza kutoka kwa watu wanaobonyeza “hii ni taka”. Jaji Daniel Calabretta aliifuta kesi Agosti 2023 akiwapa nafasi ya kurekebisha baadhi ya madai, wakarekebisha, akaifuta moja kwa moja Julai 2024. Ikiwa chama kimoja kati ya viwili vikubwa vya Marekani hakikuweza kuthibitisha nia mbaya kikiwa na takwimu za namna hiyo, wewe na mimi tutaithibitisha kwa nini?

Nimesema lipo jambo ninaloliona baya. Ni barua inayopokelewa kisha ikapotea. Seva inasema 250, yaani nimepokea, halafu barua haionekani kwenye kisanduku wala kwenye folda ya taka. Mtumaji anaamini imefika, mpokeaji hajui kuna kitu alichotumiwa. Kanuni ile ile inayoruhusu kukataa inasema pia kwamba ukishapokea umebeba dhamana ya barua hiyo. Marekani kinga ya 230 inaweza kumfunika hata anayefanya hivi. Wajerumani wamelitazama kwa jicho kali zaidi. Kifungu cha 206 cha sheria yao ya jinai kinamlinda mtu dhidi ya mtoa huduma anayezima mawasiliano aliyokabidhiwa, na mwaka 2005 mahakama ya Karlsruhe ilisema kwamba chuo kikuu kilichokuwa kikizuia kwa siri barua za mfanyakazi wake wa zamani kinaweza kuwa kimetenda kosa la jinai, ingawa kujikinga na virusi kunaweza kuwa utetezi. Naona Wajerumani wako karibu zaidi na haki. Kataa mlangoni kwa sauti, au weka kwenye folda ya taka ambako mwenyewe anaweza kuchungulia. Usipokee ukazika. Bahati yako ni kwamba barua zako zinakataliwa waziwazi na nyingine zinawekwa kwenye taka, kwa hiyo lalamiko hili si lako.

Na sasa niseme lisilofurahisha. Ile sehemu ya orodha uliyoinunua inakuweka wewe upande wa washtakiwa. Hapa Tanzania, kifungu cha 32 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakataza kutuma tangazo la biashara ambalo halikuombwa isipokuwa mteja ameridhia, ujumbe umejitambulisha mwanzoni umetoka kwa nani na kwa lengo gani, na una njia ya kukataa mengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakuuliza anwani hizo ulizipataje. Jamaa aliyekuuzia hakuwa na ridhaa ya watu wale, hivyo hakuwa na kitu cha kukuuzia. Ukiwa na wateja kupitia Nairobi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 ina masharti yake kuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara. Na wageni wako wa Ulaya wanalindwa na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2002, ambayo yanataka ridhaa kabla ya kutuma. Yanamwachia nafasi mfanyabiashara aliyeipata anwani alipomuuzia mgeni huduma, akitangaza huduma zake zinazofanana na ile, na mgeni akiwa amepewa nafasi ya kukataa. Ukiangalia vizuri utaona nafasi hiyo inawagusa wageni wako wa kweli. Wale wa kununua hawamo.

Unasema mambo yalibadilika Februari 2024. Ni kweli, na si kwamba walikulenga wewe. Mwezi huo Google na Yahoo walianza kuwabana wote wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Google ni yeyote anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Barua 9,000 kwa usiku mmoja, nyingi zikienda Marekani, zinaweza kukuvusha mstari huo. Wanataka domeini yako, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, iwe na SPF, yaani orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM, ambayo ni saini ya kidijitali inayoonyesha barua haikuchezewa njiani. Na DMARC, maelekezo yako kwao ya nini wafanye na barua inayojifanya imetoka kwako. Wanataka kitufe cha kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Na wanataka wanaolalamika wasifike asilimia 0.3. Hesabu mwenyewe: kati ya watu 1,000 waliopata barua yako, watatu tu wakibonyeza “hii ni taka” umeshaharibikiwa. Orodha ya kununua haiwezi kupita kipimo hicho. Microsoft nao walifuata kwa masharti yanayofanana Mei 2025.

Kwa hiyo fedha ya wakili iweke pembeni. Futa anwani zote za kununua, zote, usibakize hata zile unazodhani ni nzuri. Mwombe fundi wa tovuti yako aweke SPF, DKIM na DMARC. Ni kazi ya siku moja kwa anayeijua. Muulize pia kama seva yenu mnaichangia na wengine, maana jirani mmoja anayetuma utapeli kwenye anwani hiyo hiyo ya IP, yaani namba ya seva kwenye mtandao, anawachafulia wote, na ikiwa ndivyo hamia kwenye huduma ya kutuma barua kwa wingi inayochunga wateja wake. Tazama kama domeini au IP yenu imeingia kwenye orodha ya Spamhaus. Wana ukurasa wa kuangalia bure na utaratibu wa kuomba kuondolewa. Jisajili kwenye Postmaster Tools ya Google, nayo ni bure, uone asilimia ya malalamiko yako. Halafu anza na wageni wa miaka miwili ya karibuni, mia chache kwa siku, ukiwataja kwa majina na safari waliyofanya nawe. Wakifungua na kujibu, kichujio kitajifunza kwamba wewe ni mtu wao.

Baada ya hapo kama barua bado zinarudi, usiniambie tu “zinarudi”. Fungua ile taarifa ya kurudishwa, nakili mstari wote unaoanza na 550 pamoja na maneno yaliyofuata, maana seva huwa inataja sababu humo humo, na unitumie kama ulivyo.